Neno la siri: kosa moja tunalolirudilia tangu 1962



Leo sitaandika juu ya mihogo wala mbolea, ijapokuwa mimi ni mtu wa agronomia na hayo njo najua zaidi. Nitaandika historia ya kitu kidogo ambacho kila mmoja wetu anakifanya mara kumi kwa siku bila kufikiri: kuandika neno la siri, ile wengi wetu tunaita kode.

Sababu ni tante yangu.

Mwaka uliopita, siku ya Pazi moja hivi, tante aliye Walungu alinipigia simu asubuhi mapema. Akaniuliza: "We mutoto, uko muzima? Ulitoka hopitali saa ngapi?" Nikamujibu: "Tante, hopitali gani? Miye nililala nyumbani." Akanyamaza. Mimi pia nikanyamaza. Kumbe usiku, saa tatu, mtu aliingia kwenye akaunti yangu ya Facebook na kumwandikia kwa jina langu na picha yangu: "Tante, nimepata ajali, niko hopitali, usinipigie simu sababu siwezi kusema, nitumie dola 40 kwa namba hii ya rafiki." Tante alikuwa ameuza maharagwe wiki ile. Pesa ilikuwa ya masomo ya binamu yangu. Akatuma zote 40.

Huyo mwizi hakuwa mtaalamu. Hakuvunja kitu chochote. Alikuwa na neno langu la siri mkononi, sababu lilikuwa ni lile lile tangu mwaka wangu wa kwanza wa chuo: jina langu na mwaka wa kuzaliwa. Nililiweka siku moja kwenye siber, kijana wa siber akiwa amesimama nyuma yangu ananiharakisha juu dakika zangu zilikuwa zinaisha. Halafu nililitumia kila mahali: barua pepe, Facebook, na tovuti moja ya kutafuta bourse ambayo leo nimesahau hata jina lake.

Nilikuwa na haya sana. Lakini haya peke yake haifundishi. Nikaanza kusoma: neno la siri lilitoka wapi? Nani aliona kwanza kwamba lina kasoro? Na nimekuta kwamba kosa langu lina umri mkubwa kuliko baba yangu.

Mbele ya kompyuta

Neno la siri ni kitu cha zamani sana, na kazi yake ya kwanza ilikuwa vita. Mwanahistoria Polybius, Mgiriki aliyeishi karne ya pili mbele ya Yesu, ameeleza namna askari wa Roma walifanya kambini. Kila jioni, jua likizama, mtu mmoja kutoka kikosi cha mwisho cha kila safu alienda kwenye hema la mkubwa na kupokea kibao kidogo cha mbao. Neno la usiku ule lilikuwa limeandikwa juu yake. Akarudi kwenye kikosi chake, akampa kiongozi wa kikosi kinachofuata mbele ya mashahidi, huyo akampa mwingine, mpaka kibao kifike kikosi cha kwanza. Na mbele ya giza, vibao vyote vilipaswa kurudi kwa mkubwa. Kama kimoja kinakosekana, mkubwa anajua mara moja kimekwama wapi, sababu kila kibao kilikuwa na alama yake.

Angalieni vizuri mambo matatu hapo: neno lilikuwa la usiku mmoja tu, kila aliyelipokea alijulikana, na mkubwa alihakikisha limezunguka vizuri. Miaka zaidi ya 2,000 imepita, na maofisi mengi ya kwetu hayana hata moja kati ya hayo matatu.

Kuna mfano mwingine ambao kila mtu aliyeenda masomo ya Biblia anaujua. Waamuzi, sura ya 12: watu wa Gileadi wanalinda vivuko vya Yordani, na kila anayetaka kuvuka wanamwambia atamke "Shibolethi". Waefraimu hawakuweza kuitamka, walisema "Sibolethi". Biblia inasema walikufa 42,000. Hapo neno lenyewe halikuwa siri. Siri ilikuwa ni ulimi. Mnaona tofauti: neno linaweza kubadilishwa, lakini ulimi haubadilishwi. Nitarudia jambo hili, sababu leo simu zinatuomba kidole na uso.

1961: mashine moja, watu wengi

Sasa tuje kwa kompyuta. Mwanzoni hazikuhitaji neno la siri, juu mtu mmoja alikuwa anatumia mashine nzima, halafu anampisha mwingine. Mwaka 1961, kwenye chuo cha MIT, Marekani, kikundi cha Fernando Corbató kilionyesha mfumo mpya ulioitwa CTSS. Watu wengi waliweza kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mtu kwenye klavie yake. Ilikuwa kama parsele moja yenye familia nyingi: mlango mkubwa ni mmoja, lakini kila familia iko na chumba chake na vitu vyake. Corbató akaona suluhisho rahisi: kila mtu apewe neno lake, kama kufuli la chumba. Ni moja ya mifumo ya kwanza ya kompyuta iliyotumia neno la siri.

Halikumaliza hata miaka miwili.

Allan Scherr alikuwa anatayarisha doktora pale MIT. Alipewa saa 4 kwa wiki kwenye mashine, na kazi yake ilihitaji zaidi. Sisi ma-étudiant tunamuelewa kabisa! Mwaka 1962 akagundua kwamba mtu anaweza kuomba mashine ichape faili lolote kwa kutoa kadi yenye matundu. Ijumaa usiku akaomba faili la maneno yote ya siri. Jumamosi asubuhi akapita mahali karatasi zinawekwa, akaokota orodha nzima, na kuanza kutumia saa za wenzake. Alikuja kumwambia Corbató ukweli miaka karibu 25 nyuma ya pale.

Kwa hiyo moja ya wizi wa kwanza wa maneno ya siri unaojulikana ulifanywa na mwanafunzi aliyetaka kumaliza kazi yake ya chuo. Na hakukisia neno la mtu hata moja. Alichukua orodha. Shikeni jambo hilo, litarudi.

Mwaka 1966, kwenye mfumo ule ule, ikatokea kitu cha kuchekesha na kuogopesha. Kwa sababu ya kosa la programu, mafaili mawili yalibadilishana nafasi: ujumbe wa salamu ambao kila mtu anaona akiingia, na faili la maneno ya siri. Siku ile kila aliyefungua kompyuta alisalimiwa na maneno ya siri ya watu wote. Corbató mwenyewe alisimulia kisa hiki nyuma ya kupewa tuzo ya Turing ya mwaka 1990.

Mhogo, unga, na chumvi

Somo lilikuwa wazi: usitunze orodha ya maneno yenyewe. Lakini kama mashine haijui neno langu, itanitambua namna gani?

Jibu lilitoka Uingereza, kwenye chuo cha Cambridge, katikati ya miaka ya 60, kwa Roger Needham. Nitalieleza kwa njia ya kwetu. Ukichukua mhogo ukausaga, unapata unga. Lakini hakuna mtu anaweza kuchukua unga akarudisha mhogo. Mashine inafanya vile: inasaga neno lako kwa hesabu fulani, inatunza unga tu, neno lenyewe inatupa. Kesho ukiandika neno tena, inalisaga tena, inalinganisha unga na unga. Kama ni sawa, unaingia. Mwizi akiiba ghala, anakuta unga bila mihogo.

Lakini mwizi mwenye akili anafanya nini? Anachukua maneno yote anayoyajua, majina ya watu, kamusi nzima, anayasaga nyumbani kwake, halafu anatafuta unga unaofanana. Tena, kama watu wawili wana neno moja, unga wao ni sawa. Akimpata mmoja amewapata wote.

Mwaka 1979, Robert Morris na Ken Thompson, watu wa mfumo wa Unix kwenye Bell Labs, wakaandika makala ambayo mpaka leo inasomwa. Walieleza dawa: mbele ya kusaga, ongeza kitu kidogo cha bahati nasibu, tofauti kwa kila mtu. Kitu hicho wamekiita chumvi. Hapana, sikutunga mimi, njo jina lake la kweli! Kwa chumvi, watu wawili wenye neno moja wanapata unga tofauti, na mwizi analazimika kuanza kazi upya kwa kila mtu.

Lakini kitu kilichonigusa kwenye makala ile ni namba. Walikusanya maneno ya siri 3,289 ya watumiaji wa kweli. Maneno 15 yalikuwa na alama moja tu. 72 yalikuwa na alama mbili. 464 yalikuwa na tatu. 605 yalikuwa herufi sita ndogo tupu. Na 492 yalikutwa kwenye kamusi na orodha za majina. Kwa jumla, 2,831 kati ya 3,289 yalikuwa rahisi kupata, ni kusema asilimia 86. Na watumiaji wale walikuwa watu wa kompyuta, si tante wa Walungu.

Baba na mtoto

Historia iko na utani wake. Jioni ya tarehe 2 Novemba 1988, programu moja ikaanza kujisambaza yenyewe kutoka mashine mpaka mashine kwenye intaneti ya wakati ule. Ilipita kwenye makosa ya programu, lakini ilikuwa pia na njia nyingine: kukisia maneno ya siri. Ilijaribu jina la mtu, ikalijaribu limegeuzwa nyuma, halafu ikapita kwenye orodha fupi ya maneno 432 iliyobeba ndani yake. Maneno 432 tu! Yalitosha kufungua milango mingi. Watu walikadiria mashine kama 6,000 zilipata shida.

Aliyeiandika alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Cornell, Robert Tappan Morris. Ni mtoto wa Robert Morris, yule yule wa makala ya 1979. Baba alikuwa ameonya dunia miaka tisa mbele. Mtoto akaonyesha dunia kwamba haikusikia. Mwaka 1990 tribinali ikamhukumu miaka mitatu ya kuangaliwa nje ya gereza, saa 400 za kazi ya jamii, na faini ya dola 10,050.

Namba nne za mke wa Shepherd-Barron

Wengi wetu hatutumii kompyuta kila siku, lakini sote tuko na namba za siri kwenye simu. Nazo zina historia yao.

Tarehe 27 Juni 1967, banki ya Barclays ilifungua mashine ya kutoa pesa huko Enfield, pembeni ya London. John Shepherd-Barron, aliyeitengeneza, alisimulia kwamba alitaka namba sita, sababu yeye alikumbuka namba yake ya jeshi. Akamuuliza mke wake Caroline, mezani jikoni. Mke akasema anaweza kukumbuka nne tu. Basi ikawa nne. Ni yeye mwenyewe alisimulia hivyo, na namba nne zikaenea dunia nzima.

Mwaka 2007 M-Pesa ikaanza Kenya. Mwaka 2012 Vodacom ikaileta kwetu Kongo, na leo Airtel Money na Orange Money ziko kila kona. Pesa ya likelemba, mshahara wa mwalimu, pesa ya kilimo ya shirika la wakulima, vyote vinapita chini ya namba nne.

Namba nne zinatoa uwezekano 10,000, kutoka 0000 mpaka 9999. Kwa kuwa simu inafunga nyuma ya kukosea mara chache, 10,000 ingetosha kama watu wangechagua bila mpango. Lakini hawafanyi vile. Mwaka 2012 mtafiti Nick Berry aliangalia mamilioni ya namba nne zilizokuwa zimevuja, akakuta 1234 peke yake ilikuwa karibu asilimia 11. Miaka ya kuzaliwa, ile inayoanza na 19, ilikuwa mingi sana pia.

Hapa kwetu, jiulizeni kimya kimya, musinijibu: ni wangapi wako na 1960? Ni wangapi wako na 3006, tarehe ya uhuru? Ni wangapi wako na mwaka wa kuzaliwa wa mtoto wa kwanza? Mtu anayejua kwamba uko na miaka kati ya 20 na 35 na kwamba umetumia mwaka wako wa kuzaliwa, hana tena uwezekano 10,000. Ana 16. Na wale wanaosimama mbele ya ajenti wakisema namba yao kwa sauti ili ajenti awaandikie, hao hawana hata namba moja. Hiyo si siri tena, ni tangazo.

Panga moja kwenye migomba yote

Sasa tunafika kwa kosa langu mwenyewe.

Desemba 2009, kampuni moja ya Marekani, RockYou, iliyotengeneza programu ndogo za kuchezea kwenye mitandao, iliibiwa maneno ya siri milioni 32. Hayakuwa yamesagwa. Yalikuwa mihogo mizima ghalani! Watafiti wakayahesabu: neno la kwanza lilikuwa 123456, watu zaidi ya 290,000. Mwaka 2012 ikawa zamu ya LinkedIn, kule sisi wenye diploma tunatafutia kazi. Maneno yalikuwa yamesagwa, lakini bila chumvi, miaka 33 nyuma ya makala ya Morris na Thompson. Mwaka 2016 ikajulikana kwamba yaliyoibiwa yalikuwa milioni 117.

Orodha hizi haziozi. Zinauzwa, zinagawiwa, zinajaribiwa. Mwizi wa leo hafanyi kazi ya kukisia. Anafanya kama Scherr mwaka 1962: anachukua orodha. Akikuta barua pepe yako na neno lako kutoka tovuti fulani ndogo, anajaribu jozi hiyo hiyo kwenye Facebook, kwenye barua pepe, kila mahali. Na ni programu inayojaribu, usiku na mchana, bila kuchoka.

Nilienda kuangalia kwenye tovuti ya Have I Been Pwned, ile Troy Hunt wa Australia aliianzisha mwaka 2013 ili kila mtu ajue kama barua pepe yake iko kwenye orodha zilizovuja. Yangu ilikuwapo. Ni pale nikaelewa kwamba dola 40 za tante hazikuibiwa usiku ule. Ziliibiwa siku niliyotumia neno moja mahali pawili.

Na mimi agronome, ningepaswa kujua! Mnyauko wa bakteria wa migomba ulionekana Masisi mwaka 2001, halafu ukatembea Kivu nzima. Ulitembea kwa njia nyingi, na moja kubwa ilikuwa panga. Mkulima anakata mgomba mgonjwa, halafu kwa panga lile lile anakata mzima, halafu anamuazima jirani. Shamba zima linakufa kwa chombo kimoja. Tulifundishwa kuwaambia wakulima: pitisha panga kwenye moto ao kwenye maji ya javel mbele ya kugusa mgomba mwingine. Nimesema maneno hayo mbele ya wakulima mara nyingi. Na mfukoni nilikuwa na simu yenye panga moja kwa migomba yote.

Sheria zilizotuchosha bule

Kuna jambo la mwisho la historia, na litawafurahisha wale wanaofanya kazi kwenye ma-ONG na maofisi. Mwaka 2003, Bill Burr wa taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, aliandika mwongozo: neno la siri liwe na herufi kubwa, namba, alama za ajabu, na libadilishwe kila mara. Dunia nzima ikafuata. Kule mukiambiwa badilisha kila siku 90, mwongozo ule pia umechangia.

Watu wakafanya nini? Wakaandika Bukavu1! Miezi mitatu ikipita, Bukavu2! Halafu Bukavu3! Mwizi akijua la kwanza anajua yote. Mwaka 2017 Burr, akiwa ameacha kazi, alisema wazi mbele ya waandishi wa habari kwamba anajuta mengi ya yale aliyoandika. Mwaka ule ule NIST ikatoa mwongozo mpya: urefu ni wa maana kuliko alama za ajabu, usimlazimishe mtu kubadilisha kama hakuna dalili ya wizi, na neno lolote linalokutwa kwenye orodha zilizovuja likataliwe.

Hata Corbató, baba wa neno la siri la kompyuta, mwaka 2014 alisema kwamba jambo hili limegeuka kuwa kama ndoto mbaya. Amekufa 2019.

Basi tufanye nini?

Historia hii yote inatuachia mambo machache, na yote yanawezekana hata kwa simu ndogo na umeme wa kukatika.

Kwanza, kila mlango na ufunguo wake. Kama huwezi kubadilisha yote leo, anza na barua pepe. Ile njo mama: mwenye barua pepe yako anaweza kuomba neno jipya la akaunti zingine zote.

Pili, refu ni bora kuliko gumu. Mwaka 1995 Arnold Reinhold alipendekeza njia ya dadu: orodha ya maneno 7,776, unarusha dadu mara tano, namba inakupa neno. Herufi nane ndogo zilizochaguliwa kwa bahati zinatoa uwezekano miliardi 208. Maneno manne tu ya dadu yanatoa zaidi ya mara 17,000 ya hiyo, na wataalamu wanashauri sita. Sisi tuko na bahati: tuko na Kiswahili, Mashi, Kihavu, Kilega, Kinande, Kifaransa, Lingala. Changanya maneno ambayo hayana uhusiano, lakini dadu ao kitabu kilichofunguliwa bila kuangalia kichague, si moyo wako. Moyo unachagua kila mara jina la mchumba. Na usichukue mstari wa wimbo ao wa Biblia, wezi pia wanasali na kuimba.

Tatu, kichwa hakitoshi. Kuna programu za bure za kutunza maneno ya siri, kama KeePass, inayofanya kazi hata bila intaneti. Kama huna, kikaratasi kilichofungwa vizuri nyumbani ni bora kuliko neno moja kila mahali. Mwizi aliye mbali hawezi kufungula sanduku lako chini ya kitanda. Lakini mnaoishi wengi chumba kimoja, fikirini vizuri kidogo hapo.

Nne, weka mlango wa pili. Facebook, Google na WhatsApp zote zina uthibitisho wa hatua mbili. Na zile namba sita zinazokuja kwa ujumbe, usimpe mtu yeyote, hata akisema yeye ni wa kampuni, hata akiwa rafiki anayeandika "samahani nimetuma kode yangu kwako kwa kosa". Hilo si kosa, ni mwizi.

Tano, kadi yako ya SIM iandikwe kwa jina lako, si kwa jina la kijana aliyekuuzia barabarani. Siku ikipotea, ni nani ataweza kuirudisha?

Sita, kidole na uso ni vizuri kwa kufungula simu haraka, lakini kumbukeni Shibolethi: neno likivuja unalibadilisha, kidole hapana.

Na saba, kwa wale wenye komite, mashirika ya wakulima ao likelemba: watu watano musitumie neno moja la siri la ukurasa ao la barua pepe ya kikundi. Waroma walijua kibao kiko mikononi mwa nani. Mtu akitoka kwenye komite, neno libadilishwe siku ile ile, bila hasira na bila aibu.

Dola 40 nimemrudishia tante, kidogo kidogo, kwa miezi minne. Binamu alichelewa masomo wiki mbili sababu ya deni la shule, na jambo hilo sitaweza kulirudisha.

Lakini tante amefanya kitu ambacho hakuna kitabu kilimfundisha. Siku hizi, mtu yeyote wa familia akimwandikia aombe pesa, hata mimi, anauliza kwanza swali moja juu ya nyumba ya bibi, ambalo ni sisi tu tunajua jibu lake. Wiki iliyopita nilimwomba kitu kidogo, akaniuliza. Nikakosea jibu. Akakata simu!

Swali lile sitaliandika hapa. Na nyinyi pia, leo jioni, kaeni na mama zenu na tante zenu, mutafute la kwenu.